Sikio la Taifa na Sauti Nyembamba

Katika nchi yetu, ambayo jina lake bado liko kwenye kamati likirekebishwa na kwa sababu hiyo sitalitaja, mtu akipatwa na janga alikuwa na desturi ya kupiga kelele. Nyumba ikishika moto, kelele. Mamba akimkamata mtu mtoni, kelele. Wageni wakisikia, serikali inaona haya. Ndipo Mheshimiwa Ngurumo, Waziri wa Utafiti, Ubunifu na Mambo Mengineyo, alipotangaza kwamba taifa linalojiheshimu halipigi kelele bali hutoa taarifa, akamwagiza Profesa Sostenes Barugo avumbue chombo cha kuzipokea.

Profesa akavumbua. Chombo kikaitwa Sikio la Taifa. Kila mji ulisimikiwa mlingoti wenye kipaza sauti, na waya za milingoti yote zikaenda hadi mji mkuu, kwenye mtambo mmoja wenye ukubwa wa banda la ng'ombe. Mwananchi mwenye shida angesimama chini ya mlingoti aseme shida yake. Mtambo ungesikia, ungepima kama ni dharura au siyo, kisha ungetoa amri wenyewe: zimamoto watoke, gari la wagonjwa liondoke, milango ya bwawa ifunguliwe. Simu zote za dharura zikakatwa siku hiyo hiyo, ili nchi isije ikawa na masikio mawili.

Mimi ni fundi viatu wa mji wa Bondeni, ulio chini ya Bwawa la Heshima. Mambo ya mitambo siyajui. Mengi ya haya niliyasikia kwenye kikao cha Tume, ambako sisi wananchi tuliruhusiwa kuhudhuria kwa sharti la kutotikisa vichwa.

Mtambo, kama mtoto, hufundishwa. Profesa aliufundisha sauti za wananchi kwa kuusikilizisha wananchi aliowapata karibu: hotuba za Bunge, amri za kwata, na watangazaji wa mpira. Wote walikuwa wanaume. Hakuna aliyeligundua hilo, maana waliotumwa kukagua nao walikuwa wanaume, na waliotumwa kuwakagua wakaguzi vilevile.

Aliyeligundua ni Raya Mlenge. Huyu tulimjua tangu mdogo, binti wa mshona nguo wetu, mdogo wake Mwalimu Mkunde, mkuu wa shule ya msingi ya Bondeni. Alisoma hadi akaitwa Dakta, akaajiriwa kwenye Taasisi ya Profesa wiki ile wageni walipokuja kuhesabu wanawake. Wageni wakahesabu, wakapata mmoja, wakaandika kwamba kuna ongezeko.

Siku moja, kabla mtambo haujaunganishwa na miji, Dakta Raya alisimama mbele yake akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Nyumba inaungua. Kuna watoto ndani."

Kwenye skrini pakaandikwa: Kelele za nyumbani.

Akarudia kwa nguvu. Pakaandikwa: Kelele za nyumbani, zimezidi.

Akawaita mpishi na mfagizi wa ofisi, wanawake wote wawili. Mmoja akatangaza mafuriko, mwingine akatangaza chatu. Wakapata jibu lile lile. Wakiwa bado wanatazamana, Profesa akauliza kutoka ofisini kwake, "Chai yangu leo iko wapi?" Ving'ora vikalia jengo zima, na zimamoto wakafika kabla ya chai.

Raya akamfuata ofisini. "Profesa, mtambo hausikii wanawake."

"Hausikii, au hauelewi?"

"Kusikia unasikia. Lakini unatuweka kundi moja na vyombo vinavyooshwa na redio."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa utulivu. "Dakta, mtambo huu nimeufundisha sauti ya binadamu wa kawaida. Sauti zenu ni za pekee. Hilo ni jambo la kujivunia."

"Kwetu Bondeni mchana kutwa mjini wamejaa wanawake. Wanaume wako ng'ambo mashambani, au mnadani."

"Basi wanaume watawasemea. Si ndiyo desturi?"

"Na wasipokuwepo?"

"Utafiti," alisema Profesa, "haujengwi juu ya wasiokuwepo."

Raya hakuridhika, akaenda hadi kwa Waziri. Mheshimiwa Ngurumo alimpokea vizuri sana, maana suala la jinsia serikali yetu inalipenda kama inavyoyapenda masuala yote ambayo hayajapangiwa tarehe. Akaitisha kikao cha wataalamu. Kikao kikakaa kwenye hoteli ya ufukweni, kikala samaki, kikatoka na jibu: mtambo uongee kwa sauti ya mwanamke.

"Hapo usawa umetimia," Waziri alimwambia Raya. "Mwanamume anasema, mwanamke anajibu. Nani tena atadai kwamba hamkushirikishwa?"

"Na kusikia, Mheshimiwa?"

"Kusikia ni awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Baada ya mafanikio ya awamu ya kwanza."

Na kwa kuwa mwanamke katika Taasisi alikuwa mmoja, sauti iliyohitajika ilikuwa yake. Raya aliwaza usiku kucha. Akikataa, watamchukua mtangazaji wa redio, na yeye Raya atawekwa mbali na mtambo. Akikubali atabaki karibu nao, pengine ataweza kuufundisha kidogo kidogo, kama mtu anavyomzoesha kiziwi kusoma midomo. Akakubali. Wakamrekodi: Taarifa yako imepokelewa. Milango inafunguliwa. Asante, tafadhali punguza sauti ya redio. Sauti ilitoka tamu na tulivu, kila aliyeisikia akatamani kupatwa na janga. Kisha akatia saini kwamba tangu siku ile sauti hiyo ni mali ya serikali.

*

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, maofisa walikuja Bondeni na kipimo chenye mshale. Sherehe ingefanyika mji mkuu, kwenye Uwanja wa Taifa, na shangwe za wananchi zingepimwa na Sikio lenyewe mbele ya Rais. Wakatupanga kwenye kiwanja cha shule tufanye mazoezi.

Tukaanza wanaume. Mshale ukapanda mpaka kwenye neno Uzalendo. Mimi binafsi sauti yangu nzito ilisifiwa. Wakafuata wanawake, wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia ndani. Mshale haukutikisika. Ofisa akaupigapiga kwa kidole, halafu akawatazama kwa huruma.

"Kina mama, kwani hamshangilii?"

"Tunashangilia," akajibu Mwalimu Mkunde, koo limemkauka.

"Mtambo unasema mko kimya."

Ili wasilitie taifa aibu, ikaamuliwa wanawake wabaki nyumbani. Malori yakaja. Wanaume wote wenye koo zima tukapandishwa, hadi wazee wenye mikongojo, hadi walimu wa kiume, hadi wavulana ambao sauti zilikuwa zimeshavunjika. Huko milimani mvua ilikuwa ikinyesha tangu juzi yake. Mke wangu, Sikitu, alinifuata mpaka kwenye lori akanipa mwavuli.

"Maji ya bwawa yamebadilika rangi," akaniambia.

"Usihofu," nikamjibu. "Sikio lipo."

*

Hapa inafaa nieleze habari za bwawa. Juu ya tuta lake kuna chumba cha milango. Milango ikifunguliwa, maji ya ziada hupita mfereji wa nyuma ya mji na kwenda kumwagika nyikani. Isipofunguliwa, bwawa likijaa maji hupita juu ya tuta, na tuta ni la udongo. Zamani mlinzi alikuwa akiyatazama maji, akiona yamezidi anafungua. Profesa aliona hiyo si sayansi. Chumba kikajengwa upya bila madirisha, ili mlinzi asije akashawishiwa na macho yake. Kikawekwa mlango wa chuma unaofungwa kwa ndani, na spika moja ukutani. Kipaza sauti hakikuwekwa, kwa kuwa mlinzi hana la kusema.

Siku ile ya uzinduzi zamu ilikuwa ya Koplo Lutengano, askari mtulivu, mgeni katika mji wetu. Alikuwa ameamriwa jambo moja tu: Sikio likiagiza, fungua. Lisipoagiza, usifungue hata nani aje.

Dakta Raya naye aliwekwa chumba cha mitambo, chini kabisa ya jukwaa la wakubwa, amevaa visikizio masikioni. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba kwenye skrini kubwa ya uwanjani neno Shwari halifutiki. Juu ya kichwa chake Waziri alikuwa ameanza hotuba, bado yuko kwenye kuwataja waliohudhuria.

Ndipo sauti ikaingia kutoka Bondeni.

"Hapa ni Mwalimu Mkunde Mlenge, shule ya msingi. Maji yamekaribia kichwa cha tuta. Daraja la kwenda kilimani limechukuliwa, hatuna pa kupita. Fungueni milango ya bwawa."

Raya aliitambua sauti ya dada yake kabla jina halijatajwa. Kabla hajavuta pumzi akasikia sauti nyingine ikijibu, tamu na tulivu, na ilikuwa yake mwenyewe.

"Asante. Tafadhali punguza sauti ya redio."

Kwenye skrini pakaandikwa: Bondeni, kelele za nyumbani. Nchi shwari.

Huko Bondeni Mkunde akasema polepole, "Raya? Ni wewe?"

"Asante. Tafadhali punguza sauti ya redio."

"Raya, mdogo wangu, ni mimi Mkunde. Sina redio. Maji yanakuja. Watoto ninao hapa."

"Asante. Tafadhali punguza sauti ya redio."

"Usinifanyie hivyo, Raya."

Mbele ya Raya palikuwa na kipaza sauti cha majaribio, kinachoingia moja kwa moja kwenye mtambo. Akakishika. "Dharura Bondeni. Bwawa linafurika. Fungua milango." Skrini ikajibu: Chumba cha mitambo, kelele za nyumbani. Akaizamisha sauti tumboni, akaitoa nzito kwa kadiri alivyoweza, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Skrini ikafikiri kidogo, ikaandika: Kelele za nyumbani, ng'ombe.

Akavivua visikizio akatoka mbio.

Profesa Barugo alikuwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa na joho lake, akingoja kuitwa apewe nishani. Raya akamvuta mkono mpaka kwenye mtambo.

"Sema maneno matatu tu, Profesa. Dharura, Bondeni, maji. Utasikika wewe."

Profesa aliitazama skrini. "Mtambo unasema shwari."

"Mtambo unakosea."

"Leo? Mbele ya Rais?" Akashusha sauti, maana aliogopa mtambo usije ukamsikia. "Dakta, nikisema humu ndani, king'ora kitalia humu humu. Uwanja umefurika watu. Watakimbia, watakanyagana. Nani atajibu?"

"Dada yangu yuko chini ya tuta."

"Ndiyo sababu huwezi kuamua wewe. Mtafiti hana dada." Akarudi kwenye ngazi, akalinyoosha joho.

Raya akamkimbilia Mkuu wa Itifaki, aliyekuwa amesimama kando ya zulia. Huyu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu. Akasema dharura haikuwekwa kwenye ratiba, lakini baada ya ngoma na shairi kulikuwa na kipengele cha Mengineyo, angejitahidi iingie hapo. Raya akamgeukia askari wa mlangoni, kijana mwenye kifua kama pipa.

"Kaka, sauti yako inatosha. Njoo useme maneno matatu."

"Sauti yangu ni ya kambini, Dakta. Siwezi kuitoa bila amri."

"Amri inatoka kwa nani?"

"Kwa afande."

"Yuko wapi?"

Askari akaelekeza kidevu uwanjani. "Anashangilia."

Aliporudi chumbani na kuvaa visikizio, sauti zilikuwa nyingi. Wanawake wa Bondeni walikuwa wamekusanyika chini ya mlingoti, wanasema kwa zamu. Mmoja alieleza kwamba wenzake wamepanda hadi kwenye chumba cha milango na wanaupiga mlango wa chuma kwa mawe, hakuna anayefungua. Mwingine akawa anawataja wazazi waliolazwa zahanati, waliojifungua jana na leo, wasioweza kukimbia. Aliwataja kwa majina, bila haraka, kama mtu anayemkabidhi jirani watoto. Kwenye Tume walituambia sauti hiyo ilikuwa ya Sikitu, mke wangu. Kila jina alilolitaja, ile sauti tamu ikamshukuru na kumwomba apunguze redio.

Wakati huo mimi nilikuwa juu, jukwaa la magharibi, nashangilia. Mshale ulikuwa umepita Uzalendo. Sauti yangu, nasema kweli, haijapata kutoka vizuri kama siku ile.

Raya akakumbuka kanda za hotuba za Waziri, zile zilizoufundisha mtambo. Sauti ya kiume, tena ya Mheshimiwa. Akaziweka, akazipeleka mbele na nyuma akitafuta neno moja. Mheshimiwa alikuwa amefungua semina. Amefungua warsha. Alikuwa anafungua ukurasa mpya, na mwaka ujao angefungua milango ya fursa. Raya akakata hapo kwenye milango, akaunganisha, akaupa mtambo. Skrini ikaandika: Hotuba. Mtambo ukapiga makofi.

Katika hotuba zote zile, Raya aliiambia familia yake baadaye, hapakuwa na sentensi hata moja iliyotaka kitu kifanyike sasa hivi.

"Yameanza kuchirizika," ilisema sauti ya Mkunde. Haikuwa ikimwambia mtu tena. "Yanapita juu, pale upande wa soko."

*

Mtambo ule ulikuwa na masikio mengi lakini mdomo mmoja, waya mnene uliotoka kwenye kinasa sauti na kugawanyika kwenda nchi nzima. Raya aliutazama. Akauchomoa waya. Akakichukua kile kipaza sauti cha majaribio, akakifunga kwenye mdomo wa Sikio, upande wa Bwawa la Heshima.

Akajikohoza. Akaitafuta ile sauti waliyomrekodi, tamu na tulivu.

"Taarifa imepokelewa," akasema. "Milango inafunguliwa."

Kwenye ubao wa mtambo kuna taa ndogo ya kijani inayowaka milango ya bwawa ikifunguka. Haikuwaka.

"Milango inafunguliwa," akasema tena, tamu vilevile.

Taa haikuwaka. Kwenye visikizio hakukuwa na maneno sasa, ila watoto wanalia, na mtu anawaimbia ili wasitazame nyuma. Raya alimjua anayeimba.

Hapo sauti ya serikali ikamwishia. Iliyotoka ilikuwa nyingine, imekwaruza, haina mpango.

"Kaka yangu uliye humo ndani, sikujui jina. Mimi ni Raya, niko mji mkuu. Dada yangu yuko chini ya tuta na watoto wa shule. Hakuna mwingine wa kukwambia. Nimewaomba wote hapa. Fungua, kaka. Nakuomba."

Juu yake Rais alikuwa ameingia, na uwanja wote ulikuwa ukinguruma mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Raya alikaa ameishika meza kwa mikono miwili, macho kwenye ile taa. Baadaye alimwambia Mkunde kwamba alisahau kupumua, na alipokumbuka alidhani ni mtu mwingine anapumua nyuma yake.

Taa ikawaka.

Maaskari walipoingia kumkamata walimkuta amelaza kichwa juu ya ubao, anaichekea ile taa kama mtoto.

*

Maji yaliyotangulia kupita juu ya tuta yalichukua soko, vyumba vya madarasa vya upande wa chini, na Mama Siwema muuza vitumbua, aliyerudi kumfungulia mbuzi wake. Hatukumwona tena. Tuta lenyewe lilisimama. Malori yaliponirudisha, Sikitu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, matope mpaka kiunoni. Hakusema kitu. Siku nyingi hakusema kitu, na mimi, mwenye sauti nzito, sikupata la kusema.

Magazeti yaliandika: Sikio laokoa Bondeni. Mtambo ukatunukiwa nishani, ikabandikwa kwa gundi kwa kuwa hauna kifua. Profesa akaalikwa nchi za nje kueleza jinsi utafiti wake ulivyozingatia jinsia, akaeleza vizuri, akaonyesha picha za wanawake wa Bondeni walio hai.

Shida ilikuwa moja. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha kwamba saa ile nchi ilikuwa shwari. Sasa milango ilifunguliwa na nani? Ikaundwa Tume chini ya Jaji mstaafu Kalumbeta, na Dakta Raya akafikishwa mbele yake kwa makosa mawili: kujifanya mtambo, na kutumia sauti ya serikali bila kibali.

Siku ya kwanza Jaji alimuuliza kama anakiri. Raya akafungua mdomo. Wakili wa Serikali akasimama haraka.

"Mheshimiwa Jaji, naomba mshtakiwa asiongee. Sauti yake ni kielelezo."

Jaji akaona hoja ina uzito. Basi Raya akakaa kimya siku zote za kikao, mikono mapajani, huku wanaume wakibishana alisema nini. Mwalimu Mkunde aliomba kutoa ushahidi. Wakaweka kipaza sauti kilichounganishwa na Sikio, kwa ajili ya kumbukumbu rasmi. Aliongea muda mrefu bila kulia. Karani alipoulizwa asome kilichoandikwa, akasoma: "Kelele za nyumbani." Jaji akamshukuru shahidi.

Mwisho akaitwa Koplo Lutengano. Aliingia amenyoosha sare, akasimama wima, akatazama ukuta. Wakili wa Serikali alimtabasamia, maana kesi nzima ilimtegemea. Alichotakiwa kusema ni kwamba alidanganywa.

"Koplo, ulisikia sauti kwenye spika?"

"Ndiyo, afande."

"Ikasema milango inafunguliwa. Nawe ukaamini ni Sikio la Taifa."

"Hapana, afande."

Wakili akageuza karatasi. "Hukuamini?"

"Sikio likiagiza, king'ora hutangulia. King'ora hakikulia. Nikajua mtambo umeharibika. Nikakaa."

"Lakini milango uliifungua."

"Niliifungua baadaye."

"Baada ya nini?"

Koplo aliendelea kuutazama ukuta. "Ile sauti iliniita kaka, afande. Ikaniomba. Ilikuwa inalia. Tangu nianze zamu ile, mtambo haujawahi kuniita kitu. Nikajua ni mtu."

Ukumbini hata aliyekuwa akijipepea aliacha. Raya aliinua uso. Alikuwa mwanasayansi, alielewa kabla yetu sote. Kama askari hakudanganyika, basi hakuna aliyejifanya mtambo. Kosa lake linakufa. Na linapokufa hilo, linazaliwa lingine, la huyu aliyesimama wima. Akatikisa kichwa kumkataza, ingawa masharti yalikataza.

"Fikiri kabla ya kujibu, Koplo," alisema Wakili, sasa bila tabasamu. "Unaiambia Tume kwamba ulijua fika hiyo si amri ya Sikio. Ulijua ni mwanamke, asiye na cheo cha kijeshi, asiye na kibali, usiyemwona. Ukafungua?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa sababu gani?"

"Alisema dada yake yuko chini. Na mlango wangu ulikuwa unapigwa mawe tangu muda mrefu. Nilikuwa nausikia. Niliambiwa mlango kupigwa si taarifa. Nilitaka mtu aniambie. Akaniambia yeye."

Jaji Kalumbeta alivua miwani. Akauliza kwa upole, kama mtu anayemtafutia mwenzake njia, kama Koplo hangependa kukumbuka upya, kwamba pengine alichanganyikiwa.

"Nakumbuka vizuri, Mheshimiwa."

Basi Raya akaachiwa palepale, kwa kuwa hakumdanganya mtu, na iliyofungua milango ni sauti ya kulia, siyo ile ya serikali, na Koplo akashikiliwa mahali pake. Wanasheria wakafungua vitabu wamtafutie kifungu. Walitafuta kwenye sheria za jeshi, wakatafuta kwenye sheria za mabwawa, wakateremka hadi kwenye zile za mkoloni zilizoliwa na mchwa. Walikuta adhabu ya kutotii, lakini huyu shida yake ilikuwa kumtii asiyestahili; wakakuta na ya kulala zamu, na ya kuuza risasi. Adhabu ya mwanamume aliyemsikiliza mwanamke hawakuikuta, kwa sababu waliotunga sheria hawakuwahi kudhani jambo hilo lingetokea.

Ikabidi wamwachie na yeye kwa muda, mpaka Bunge litunge. Muswada umeshaandikwa, tunaambiwa, nao ni mzuri. Unachosubiri ni mbunge wa kuuwasilisha. Kwa mujibu wa kanuni, lazima kwanza alieleze Bunge jinsi kosa hilo linavyotendeka, na hadi leo hajapatikana mwenye uzoefu.